Herufi au Silabi? Historia ya Hangul katika Kompyuta



Kipashio cha msingi cha maandishi ni kipi: fonimu au silabi? Swali hili la kale la isimu lilifika mezani kwa wahandisi wa kompyuta katika robo ya mwisho ya karne ya 20, na historia ya maandishi ya Kikorea yadhihirisha uzito wake.

Alfabeti iitwayo leo Hangul iliundwa na Mfalme Sejong mwaka 1443, ikatangazwa mwaka 1446 ikiwa na herufi 28. Ni alfabeti ya kifonimu, ila herufi zake hazipangwi kwa mstari kama zetu. Hukusanywa katika miraba, kila silabi na mraba wake. Silabi *han* ina herufi tatu, lakini huchukua nafasi moja. Basi kompyuta ihesabu herufi au mraba?

Kiwango cha taifa cha Korea Kusini cha mwaka 1987, KS C 5601, kilihesabu mraba. Silabi 2,350 zilizoonekana kutumika zaidi zilipewa kila moja namba yake. Lakini othografia ya sasa yaruhusu konsonanti 19 za mwanzo, irabu 21 na miisho 28, silabi wazi ikiwamo. Yaani silabi 11,172. Zilizobaki nje zilikuwa 8,822. Silabi *ttom*, kwa mfano, ilitamkika na kuandikika kwa kalamu, lakini haikuwamo katika orodha. Tuchukulie kwamba Kiswahili nacho kingesimbwa kwa orodha ya silabi, na *nywe* ikaachwa kwa uchache wa matumizi yake. Tungeandikaje *nywele*?

Kiwango cha kimataifa cha Unicode kilirithi silabi hizo 2,350 mwaka 1991, kikazifikisha 6,656 mwaka 1993. Mwaka 1996, katika toleo la 2.0, silabi zote 11,172 ziliwekwa katika eneo jipya na zile za awali zikaondolewa zilipokuwa. Maandishi yaliyohifadhiwa kwa namba za zamani hayakuweza tena kusomwa ipasavyo. Tangu hapo ikashikiliwa kanuni kwamba alama ikishapewa namba haihamishwi.

Mpangilio huo mpya una hekima ya kiisimu. Kila sauti huhesabiwa katika nafasi yake kuanzia sifuri. Namba ya konsonanti ya mwanzo huzidishwa kwa 21, ikajumlishwa na ya irabu. Jawabu likazidishwa kwa 28, ikajumlishwa na ya mwisho. Kisha huongezwa 44,032. Katika *han*, sauti tatu ni 18, 0 na 4, nasi twapata 54,620. Fonimu zimo ndani ya namba ya silabi, na kompyuta yaweza kuzitoa kwa hesabu tu.

Hata hivyo, silabi hizo hazitoshi. Irabu ya kale iitwayo *arae-a*, iliyoondolewa katika kanuni za tahajia za mwaka 1933, ingali yatumika kuandikia usemi wa kisiwa cha Jeju. Haimo katika silabi yoyote kati ya zile 11,172. Huandikwa kwa sababu Unicode ilizipa namba pia herufi mojamoja. Na mwaka 2009 toleo la 5.2 likaongeza herufi nyingine za Kikorea cha kale. Waliosahauliwa na orodha ya silabi waliokolewa na fonimu.

Nasi tuna *ng'*. Ritifaa yake huchapwa ama kwa alama iliyonyooka, namba 39, ama kwa iliyopinda, namba 8217. Kwa macho yetu *ng'ombe* ni neno moja. Kwa kompyuta isiyoelekezwa ni maneno mawili tofauti, na anayetafuta moja hulikosa la pili. Tena alama zote mbili huhesabiwa kuwa vituo vya uandishi, ingawa kwetu ni sehemu ya fonimu. Ipo ya tatu, namba 700, inayohesabiwa kuwa herufi, lakini ni nadra kuikuta katika maandishi yetu.

Kuamua herufi ni nini ni kazi ya mwanaisimu. Asipoifanya kwa wakati, itafanywa na mwingine, na namba ikishatolewa haibadilishwi.