Simu ya Kericho na ghala la Mombasa: namna ya kuelekeza nambari za moja kwa moja

Chai ya Kericho na Bomet huchumwa huko bara, lakini mnada wake uko kwetu Mombasa tangu mwaka 1969. Baina ya kiwanda na ghala kuna barabara, na kuna simu. Mimi ni fundi wa hizo simu.

Asubuhi moja, saa tatu, karani wa ghala Mombasa alipiga simu kiwanda kimoja cha Kericho. Lori limefika, hesabu ya mifuko kwenye hati hailingani na mzigo. Akajibiwa na mashine: ofisi imefungwa. Kumbe ofisi i wazi na watu wamejaa! Kosa lilikuwa langu. Dereva alingoja getini mpaka saa tano.

Kwa hivyo naandika haya kwa wenzangu wanaofunga mitambo hii.

Nambari ya moja kwa moja humfikisha mpigaji kwenye meza anayoitaka bila kupitia kwa operata. Laini moja ya kampuni ya simu hubeba nambari nyingi. Swichibodi husoma nambari iliyopigwa, kisha huamua ni ekstensheni gani ilie.

Kwanza, andika jedwali kwenye karatasi: nambari, idara, ekstensheni, na simu iende wapi isipopokelewa kwa sekunde 20. Kumbuka pia kuwa wingi wa nambari si wingi wa njia. Ukiwa na nambari kumi na njia mbili, mpigaji wa tatu ataambiwa laini ina shughuli.

Pili, angalia nambari inavyoingia. Simu za mezani za Kericho na Bomet huanza na 052, lakini kampuni yaweza kuileta kama 052, 25452, +25452, au tarakimu nne za mwisho tu. Mtambo haukisii, hulinganisha tarakimu kwa tarakimu. Piga simu ya majaribio, soma kumbukumbu za mtambo, kisha uandike njia kama ulivyoona hapo.

Tatu, weka njia ya akiba kwa nambari isiyolingana na yoyote. Ipeleke mapokezi. Kwenye programu kama Asterisk, simu isiyo na njia hukatwa, na mpigaji hudhani nambari ni mbovu.

Nne, saa. Hapa ndipo nilipoponzwa. Seva niliiacha kwenye saa za dunia, nayo Kenya iko mbele kwa saa tatu. Nimeandika ofisi ifunguliwe 08:00. Mtambo ukaifungua saa tano yetu. Tena jihadhari na lugha: meneja akisema saa mbili asubuhi, mtambo unataka 08:00, si 02:00. Na kiwanda cha chai hufanya kazi usiku, kwani majani yaliyochumwa mchana hayangoji. Nambari ya zamu na ya mizani zisifungwe pamoja na ya uhasibu.

Mwisho, jaribu kila nambari kutoka nje, kwa simu ya mkononi na ya mezani, asubuhi na usiku. Omba kampuni ya simu ielekeze nambari muhimu kwenye simu ya mkononi umeme ukikatika.

Siku hizi siondoki kiwandani kabla sijampigia mtu wa Mombasa na kumwambia: hebu nipigie wewe sasa.