Nani Alishika Shoka?

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika. Shuleni nilikariri hasara ya Sultani Barghash na wenye mashamba, basi, imekwisha! Mimi nauliza: miti ile ilikatwa na nani? Kazi ya mashamba ilikuwa ya watumwa. Na mti ulioangushwa na upepo si mchezo, bwana. Shina lililopinda ni kama upinde uliovutwa. Ukilikata upande uliokaza, linafyatuka. Kisiki kilichong'oka nacho, shina likishatengwa, huweza kusimama tena, kikamfukia aliye shimoni. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897. Waandishi wenzangu, riwaya ya walioshika shoka inatungoja.