Chumba cha kapera, vitanda vya watoto

Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu ujira wa Waafrika nchini Kenya. Ilieleza kwamba mshahara wa mfanyakazi wa mjini ulikuwa umepigiwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, na ikapendekeza ujira utakaotosha kulisha familia. Ripoti hiyo hukumbukwa kwa habari ya mishahara. Mimi huikumbuka kwa habari ya vitanda, maana mwanamume yule yule wa kwenye hesabu ndiye aliyejengewa chumba.

Kwa serikali ya kikoloni, Mwafrika alikuwa mpita njia mjini. Alikuja kufanya kazi, na mkataba ukiisha alitarajiwa kurudi kwao. Landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wake, pale Muthurwa, na baadaye mitaa kama Shauri Moyo, zilipangwa kwa fikra hiyo. Manispaa ya Nairobi ilihesabu nafasi za vitanda: chumba kimoja, wanaume kadhaa, kila mmoja na kitanda chake. Kaloleni ya miaka ya 1940, iliyojengwa kwa kufikiria familia, ilikuwa jambo la pekee. Kwingine mke na watoto walipofika mjini, na walifika kwa wingi, waliingia katika chumba ambacho mchoraji wa ramani hakuwahi kuwafikiria. Mzazi anayezunguka leo na futi kamba mkononi, akitafuta pa kumlaza mtoto wa tatu, anapambana na ramani ile ile.

Kijijini swali hili halikuwa la kitanda. Mtoto alipokua alitafutiwa nyumba. Kwa Wajaluo, mvulana aliyebalehe alijijengea simba, yaani kijumba chake, karibu na lango la boma, na wasichana wakalala siwindhe, nyumbani kwa bibi, ambako usiku ulikuwa pia darasa la hadithi na mwenendo. Kwa Wakikuyu, nyumba ya mama ilikuwa na sehemu ya mabinti iliyoitwa kiriri. Wanyakyusa wa Rungwe walikwenda mbali zaidi: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwa wazazi na kuanzisha kijiji chao wenyewe, jambo ambalo Monica Wilson alilifanyia utafiti na kulichapisha mwaka 1951. Taratibu hizo zilitaka ardhi. Mjini ardhi hiyo haikuwepo, na watoto wote wakarudi chini ya paa moja.

Pwani, kitanda kilikuwa na heshima yake ya zamani: matendegu ya kuchongwa, mifumbati, kamba za usumba zilizosukwa kwa mkono na kulegea kila baada ya muda, ndiyo maana vingine vikaitwa teremka tukaze. Katika nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, na kitanda cha wakubwa kikawekwa mwishoni nyuma ya pazia. Vitanda vya matajiri vilikuwa virefu kwenda juu, mtu akipanda kwa kigoda. Urefu ule ulikuwa na akili ndani yake, kwani uliacha uvungu mkubwa wa kuhifadhia vitu. Watoto walilala mkekani. Mkeka hukunjwa asubuhi na chumba kikabaki kitupu, na nadhani hakuna fanicha iliyowahi kukitendea haki chumba kidogo kama mkeka.

Dar es Salaam ilizaa nyumba ya Kiswahili ya korido: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, jiko na choo uani. Kariakoo, Ilala, Magomeni, Temeke, mji mzima wa Uswahilini ulipangwa hivyo, na kila chumba kikawa na mpangaji wake. Chumba cha futi kumi kwa kumi kilibeba familia ya watu sita. Waliokulia humo wanaujua mpango wa usiku: kitanda cha baba na mama ukutani, pazia la khanga au kitenge, kisha godoro linalotolewa uvunguni baada ya chakula. Wadogo walilala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwingine, ili wanne waenee pa wawili. Wavulana wakubwa walitandika koridoni mlango wa mbele ukishafungwa, au walikwenda kulala kwa rafiki mwenye geto. Korido na ua vilikuwa chumba cha watoto ambacho hakuna aliyekilipia kodi.

Jambo hili lilikuwa na uzito wa dini pia. Mafundisho ya Mtume yanawataka wazazi wawatenganishe watoto malazi wanapofika miaka kumi, na mama mwenye chumba kimoja alilitimiza hilo kwa pazia la pili, kwa mkeka wa ziada, au kwa kumpeleka binti kwa shangazi.

Zingatia basi kinachotokea korido inapoondoka. Kota za zamani za Magomeni zilibomolewa, na Machi 2022 maghorofa mapya yalizinduliwa pale kwa ajili ya kaya 644. Zanzibar ilitangulia na majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanza enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ghorofa lina maji ndani, lina choo ndani, na linamheshimu mkazi kuliko landhi. Lakini halina ua, na ngazi zake si mahali pa kutandika. Mtoto aliyekuwa akilala ukumbini sasa hana budi kulala chumbani, na hapo ndipo dabodeka ilipopata kazi.

Kitanda hiki cha deka mbili hakikuanzia nyumbani. Wengi wetu tulikutana nacho bwenini. Shule za bweni kama Tabora iliyofunguliwa miaka ya 1920 na Alliance ya 1926 ziliwazoesha watoto wa mbali kulala wengi chumba kimoja, na kadiri shule za bweni zilivyoongezeka, deka za chuma zikawa ndiyo picha ya bweni. Wengine walikutana nacho safarini. Kwenye TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi 1976, behewa la daraja la pili hulaza abiria sita katika kijumba kimoja, vitanda vitatu kila upande. Kwa mtoto aliyepanda treni hiyo kwenda Mbeya, kulala juu kabisa karibu na dari ilikuwa nusu ya raha ya safari.

Ili kitanda hiki kiingie nyumbani kilihitaji godoro jepesi. Godoro la sufi lilikuwa zito, likijikusanya mabonge, na likilowa usiku lilitaka jua la siku nzima. Kulipandisha deka ya juu kila mara kulikuwa adhabu. Sponji ilibadilisha hilo. Kilihitaji pia fundi wa karibu. Gikomba na barabara ya Ngong mjini Nairobi, Keko mjini Dar es Salaam, mafundi wa seremala na wa kuchomelea walianza kukitengeneza kwa oda, kwa bomba za chuma au kwa mbao za paini kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill, kwa sababu mninga na mkongo havikamatiki tena kwa mzazi wa kawaida.

Vipimo vya kitanda vimebaki vya futi, hata kwa vijana wanaopima kila kitu kingine kwa mita. Hesabu yake ni nyepesi. Chumba cha kumi kwa kumi kina futi za mraba 100. Vitanda vitatu vya tatu kwa sita vinakula 54, zaidi ya nusu ya chumba, kabla hujaweka kabati wala meza ya kusomea. Deka ambayo chini ni nne kwa sita na juu ni tatu kwa sita inakula 24 na kulaza watatu. Mafundi wetu hutengeneza sana umbo hilo, na kwangu ndilo jibu bora kuliko yote, kwa sababu linakubali ukweli kwamba wadogo wawili watalala pamoja na mkubwa anataka pake. Deka tatu siishauri nyumbani. Dari zetu ni fupi, na chini ya bati lisilo na dari mtoto wa juu anapikwa na joto.

Chandarua nacho kina historia yake humu. Mpango wa Hati Punguzo, wa kununua vyandarua kwa bei nafuu, ulianza Tanzania mwaka 2004 kwa wajawazito, na baadhi ya kampeni za ugawaji zilizofuata zilitumia kanuni ya chandarua kimoja kwa watu wawili. Kanuni hiyo inafaa kwa wanaolala kitanda kimoja. Kwenye deka huvunjika: wa chini na wa juu ni wawili, lakini hawawezi kugawana chandarua kimoja kidogo. Kila deka inataka chake, cha chini kikifungwa kwenye chaga za juu na kuchomekwa chini ya godoro. Kama si hivyo, chandarua kipana cha pembe nne kishuke toka darini na kufunika kitanda chote.

Tumejifunza mengine kwa machozi. Machi 2001 moto uliunguza bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, na wavulana 67 wakafa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia isiyopungua mita 2, milango ifungukayo nje, na madirisha yasiyo na nondo. Nyumbani mita hizo hazipatikani. Linalowezekana ni kutoegemeza deka mlangoni au dirishani, kutopitisha waya wa umeme nyuma yake, na kuiweka mbali na pangaboi, kwa sababu mtoto akisimama kitandani kichwa chake kinafika kwenye mapanga.

Tatizo kubwa zaidi la vitanda vya oda ni ukingo. Vingi huwa na ubao mmoja mfupi upande wa nje, basi. Kanuni iliyoanza kutumika Marekani mwaka 2000 inataka deka ya juu iwe na ukingo pande zote mbili, hata ule wa ukutani, kwa kuwa mtoto anaweza kuteleza kati ya godoro na ukuta akanasa. Nafasi kati ya mbao isizidi inchi 3.5, mwili wa mtoto usije ukapita na kichwa kikabaki. Ukingo uzidi godoro kwa inchi 5 walau. Na aliye chini ya miaka sita asilale juu, hata akililia nafasi hiyo kila usiku.

Inchi hizo 5 hupotea kirahisi. Mzazi hununua godoro nene la inchi 8 kwa kumpenda mwanawe, analipandisha juu, na ukingo wote unamezwa. La inchi 4 linatosha kwa deka ya juu, nene likae chini. Fundi akikuuliza ukingo uwe na urefu gani, mtajie kwanza unene wa godoro.