Ulikaji: kinachobaki kutu ikishafutwa

Tairi linalopungua upepo kidogo kidogo, bila msumari wala tundu, huwapotezea muda mwingi mafundi pancha wa Mwanza. Likifunguliwa na ringi ikaonekana imebabuka, hukumu huwa neno moja: kutu. Neno hilo ni sahihi, ila halitoshi. Linahitaji mwenzake, ulikaji. Kutu ni kitu, yaani ukoko unaoonekana juu ya chuma. Ulikaji ni mwendo wa metali kuliwa taratibu na maji, hewa na chumvi. Istilahi hii inatokana na kitenzi “lika”, kinachotaja hali ya kilicholiwa bila kumtaja mlaji, na ndivyo inavyokuwa kwenye ringi: metali inapungua pasipo mtu kuiona ikipungua.

Tairi lisilo na tyubu huzuia upepo kwa ukingo wake kubana sawasawa juu ya ringi. Chuma kikilika, kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichopotea; ukoko huo huunyanyua ukingo wa tairi, na upepo hupata upenyo. Ringi za alumini, maarufu kama ringi za spoti, hazina ukoko mwekundu. Zenyewe hutoa unga mweupe chini ya rangi, kisha huchimbika vishimo vidogo. Fundi anayetafuta kutu tu anaweza kuipitisha ringi hiyo kuwa nzima, ilhali maji ya sabuni yangetoa povu pale pale tairi linapokutana na ringi.

Atatokea wa kusema kwamba neno kutu linatosha, kwa kuwa Kiswahili kina hata kutu ya shaba. Ni kweli, na hakuna haja ya kulifukuza neno hilo. Lakini kutu hufutika, ulikaji haufutiki. Brashi ya waya na msasa huondoa ukoko, vishimo hubaki. Kama ni vifupi, ringi ikishasafishwa na kukaushwa, gundi maalumu ya ukingo wa tairi huvijaza. Vikiwa virefu, au ringi ikiwa na ufa, dawa ni kuibadilisha. Anayesema “nimetoa kutu” amejibu nusu ya swali. Kutia tyubu nako huzuia upepo kwa muda huku ringi ikiendelea kuliwa, na mikwaruzo yake huweza kuitoboa tyubu yenyewe.

Pingamizi jingine ni kwamba haya ni matatizo ya Tanga na Dar es Salaam, kwani Ziwa Victoria ni la maji baridi. Chumvi huharakisha ulikaji, lakini chuma hakiingoji: unyevu na oksijeni vinatosha, na mwambao wa ziwa una vyote viwili. Isitoshe, chumvi hufika Mwanza kwa njia nyingine. Magari mengi yaliyotumika hutoka Japani, ambako barabara za mikoa ya theluji humwagiwa chumvi majira ya baridi. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nako hupakiwa kayabo, sangara aliyetiwa chumvi, na maji ya mzigo wa namna hiyo yakichuruzika hadi kwenye magurudumu huidhuru alumini kuliko mvua. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi baada ya kusafisha si kama kutu imetoka. Ni ringi imelika kiasi gani.