Gemu za Vita za Mkononi: Nani Alisema Haziuzi?

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu gemu za vita, na simaanishi zile za kushika bunduki na kukimbia huku na huku. Namaanisha zile za kupanga. Ramani imegawanywa vyumba kama ubao wa drafti, ile ya vifuniko vya soda, unasogeza vifaru vyako, unamaliza zamu, halafu adui naye anasogeza vyake. Kuna watu wameshikilia kwamba gemu kama hizi haziwezi kuleta doo kwa konsoli ya mkononi. Eti skrini ni ndogo, eti vijana hawana subira. Nimekuwa nikisoma hii historia kwa muda (chuo niliacha, kusoma sikuacha), na mimi naona hiyo hoja haisimami.

Tuanze Japani, 1988. Nintendo wanatoa Famicom Wars, iliyotengenezwa na Intelligent Systems, ya kuchezwa kwa TV. Mwaka wa 1991 wanaileta kwa Game Boy. Fikiria Game Boy ilikuwa nini: skrini ya nukta 160 kwa 144, rangi nne tu, zote za ukoo mmoja wa kijani iliyochakaa. Hapo ndani wakaingiza jeshi la nchi kavu, meli na ndege, na ikawezekana. Kwa hivyo hii story ya skrini ndogo ilijibiwa kabla wengi wetu tuzaliwe.

Lakini kwa zaidi ya miaka kumi hizo gemu hazikutoka Japani. Imani ndani ya kampuni ilikuwa kwamba watu wa Marekani na Ulaya wataona gemu za zamu ni ngumu sana. Hakuna mtu alikuwa amejaribu kuwauzia ndio akasema wamekataa. Ni wakubwa walikaa ofisini wakaamua kwa niaba yao.

Halafu ikaja Advance Wars, ya Game Boy Advance. Ilitoka Marekani tarehe 10 Septemba 2001. Ndio, hiyo tarehe. Kesho yake minara ya New York ikaanguka. Japani, kwenyewe ilikotengenezwa, ikawekwa kando mpaka Novemba 2004, ikauzwa pamoja na sehemu ya pili kwa katriji moja. Ona hapo: soko lililodharauliwa ndilo likapata gemu kwanza, na likanunua. Ilifanya vizuri kiasi kwamba sehemu ya pili ikafuata 2003, na mwaka huo huo Nintendo wakaruhusu Fire Emblem itoke Japani kwa mara ya kwanza. Fire Emblem ilikuwa imefungiwa huko tangu 1990.

Kwa nini ilifanya kazi? Kwa sababu zamu na mkono ni marafiki wa kawaida. Gemu ya mbio ukiangalia kando sekunde mbili umegonga ukuta. Gemu ya zamu inakungoja. Makanga akidai nauli, unalipa, unarudi, kifaru chako bado kiko pale pale. Halafu kuna hii nyingine naipenda sana: Advance Wars iliruhusu watu wanne wacheze kwa mashine moja, unamaliza zamu yako unampa jirani. Mashine moja, watoto wanne. Hiyo ni akili ya watu wanaojua kushare.

Mnaokumbuka simu za vibonye mnajua Ancient Empires, ile ya Java yenye wapiganaji wadogo na mifupa inayotembea. Hiyo ni mtoto wa ukoo huu huu, na ilikaa kwa simu ambayo betri yake ilimaliza siku tatu.

Sasa tuongee pesa, maana hapo ndio kuna maneno. Katriji haikuwa kama kupakua faili. Kampuni inalipia utengenezaji kabla hata moja iuzwe, na ukikosea hesabu unabaki na masanduku. Gemu yenye mashabiki wachache lakini wakali inaumia sana hapo. Sony walijaribu kwa PSP mwaka 2006 na Field Commander, haikupata sehemu ya pili. Nintendo DS iliuza mashine zaidi ya milioni 150, lakini Advance Wars ya 2008, Days of Ruin, ile yenye giza na dunia iliyoharibika, Japani haikuingia madukani kabisa. Walikuja kuipata 2013, kwa kupakua, wanachama wa klabu ya Nintendo pekee. Kwa hivyo wingi wa mashine haukuokoi.

Fire Emblem nayo ilikuwa inaelekea kaburini. Watengenezaji wake walisema waziwazi kwamba waliambiwa Awakening ya 3DS isipouza 250,000, mambo yameisha. Iliuza zaidi ya milioni 2. Kilichobadilika ni nini? Mpango wa vita ulibaki uleule, vyumba vilevile. Walichofanya ni kukupa watu wa kupenda. Wanaongea, wanaoana, wanazaa, na kama hutaki wafe kabisa unachagua wawe wanarudi. Advance Wars inakuuzia vifaru visivyo na sura, na hakuna mtu huomboleza kifaru.

Na siku hizi kizuizi cha katriji kimelegea. Wargroove, ambayo haifichi kwamba imemwiga Advance Wars, ilitoka 2019 kwa Switch na mashine zingine, na kampuni yake ya London, Chucklefish, ikasema gharama zilirudi ndani ya siku tatu. Siku tatu! Kama wewe ni kijana unatengeneza gemu yako hapa Nairobi na mtu anakuambia hakuna soko, muonyeshe hiyo.

Hatari iliyobaki ni nyingine, na ni ya habari za saa moja. Advance Wars mpya ya Switch ilikuwa itoke Aprili 2022. Februari Urusi ikaingia Ukraine. Story ya gemu inaanza na nchi yenye makoti ya baridi kuvamia jirani yake. Nintendo wakaisimamisha, na mimi sina shida na hilo. Lakini Fire Emblem Engage, yenye mapanga na madragoni, ilitoka Januari 2023 bila mtu kuuliza kitu. Mwenye pesa akiona hivyo, atakimbilia madragoni.

Hatimaye Advance Wars ikatoka tarehe 21 Aprili 2023, vita vya Ukraine bado vikiendelea. Siku sita kabla, vita vilikuwa vimelipuka Khartoum. Hiyo Ijumaa ilikuwa Idi, na watu walikuwa wamejifungia majumbani bila maji, wakisikiliza ndege za jeshi juu ya paa. Kuhusu Sudan hakuna tangazo lilitolewa, na tarehe ya gemu haikusogezwa hata siku moja.