Manchester by the Sea: Muvi Iliyokataa Kumponya Baba Mdogo

Sinema zimetuzoesha kitu kimoja: mtu akiwa na huzuni, mpe mtoto wa kulea, atapona. Mimi nasema Manchester by the Sea ya 2016 ilikataa huo mchezo, na ndiyo maana kila nikiombwa muvi ya wikendi naitaja. (Kama hujaiona, jua nitakumwagia mwisho.)

Hebu turudi nyuma. Julai 1919, Charlie Chaplin alifiwa na mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku 3 tu. Muda mfupi baadaye akaanza kutengeneza The Kid, iliyotoka 1921. Mzururaji anaokota mtoto mchanga kichochoroni, anajaribu kumsukumia mtu mwingine, inashindikana, anamlea. Watu wakacheka na kulia. Miaka 58 baadaye, Kramer vs. Kramer: mama anaondoka, baba asiyejua hata kupika kiamsha kinywa anajifunza. Ikabeba Oscar ya filamu bora. Unaona? Mlezi wa ghafla anaanza akiwa hovyo, anamaliza akiwa mzazi kamili.

Halafu akaja Kenneth Lonergan. Wazo lenyewe hata halikuwa lake, aliletewa na Matt Damon na John Krasinski. Lee Chandler ni fundi wa kurekebisha choo na mabomba kwenye maploti huko Quincy, karibu na Boston. Ndugu yake Joe anakufa kwa ugonjwa wa moyo, na wakili anamsomea wosia: Lee ndiye mlezi wa Patrick, kijana wa miaka 16. Hakuwa ameulizwa! Na huyu Lee watoto wake 3 waliteketea kwenye moto uliotokana na uzembe wake mwenyewe.

Hapo ndipo iliponishika. Kwetu pia, baada ya mazishi wazee wanakaa, wanasema mtoto ataenda kwa baba mdogo, kikao kimeisha. Nani humuuliza baba mdogo kama ataweza?

Tena Joe hazikwi haraka. Ni majira ya baridi, udongo umeganda, mwili unasubiri kwenye friji hadi ardhi ilainike. Usiku mmoja Patrick anafungua friza ya nyumbani, nyama iliyoganda inaanguka, na kijana aliyekuwa akijifanya sawa anashindwa kupumua. Hakuna hotuba. Ni nyama tu sakafuni.

Februari 2017 Lonergan alishinda Oscar ya mswada, na Casey Affleck ya mwigizaji bora. Sawa, walistahili.

Ila mimi namkumbuka Lee mwishoni, akikiri kwa Patrick kwamba hawezi kukaa katika ule mji. Kijana anachukuliwa na rafiki wa familia. Lee anarudi Boston, na anamwambia Patrick anatafuta nyumba yenye chumba cha ziada, manake huenda siku moja akaja kumtembelea.