Kutoka Leipzig hadi Nashville: Historia ya Jaribio la Stroop na Maana Yake kwa Msomaji wa Kiswahili

Utangulizi

Mwaka 1935 jarida la Marekani liitwalo Journal of Experimental Psychology lilichapisha makala ya kurasa 20 iliyotokana na tasnifu ya uzamivu ya John Ridley Stroop, aliyesomea katika Chuo cha Ualimu cha George Peabody mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Kazi waliyopewa watafitiwa ni rahisi kuieleza. Mbele yao kuna neno "nyekundu" lililochapwa kwa wino wa kijani, nao hutakiwa kutaja rangi ya wino na kulipuuza neno. Asiyewahi kujaribu hudhani kwamba huo ni mchezo wa watoto; aliyejaribu anajua jinsi ulimi unavyokwama.

Jaribio hilo leo hutumiwa na wanasaikolojia wa kliniki kupima uwezo wa mgonjwa kuzuia jibu linalomjia lenyewe, na hutolewa mfano karibu katika kila kitabu cha utangulizi wa saikolojia. Makala haya yanadai kwamba katika safari yake ndefu jaribio hilo liliacha nyuma sehemu muhimu ya maelezo ya mwanzilishi wake, na kwamba sehemu hiyo ndiyo inayohitajika zaidi pale jaribio linapoletwa mbele ya msomaji wa Kiswahili.

Kabla ya Stroop

Chimbuko la swali liko Leipzig, Ujerumani, katika maabara ya Wilhelm Wundt. Huko James McKeen Cattell, kijana kutoka Marekani, alipima kwa vyombo vya wakati huo muda anaouhitaji mtu kutambua na kutaja vitu mbalimbali. Matokeo aliyoyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1886 yalionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: kutaja rangi au picha huchukua muda mrefu kuliko kusoma jina la rangi hiyo au la kitu hicho. Jicho huiona rangi bila taabu yoyote, lakini jina lake huchelewa kufika mdomoni.

Ufafanuzi wa Cattell ulikuwa mfupi. Alisema kwamba uhusiano kati ya herufi na sauti umerudiwa mara nyingi mno hata umekuwa wa kujiendea, ilhali kwa rangi na picha mtu hulazimika kulitafuta jina kwa juhudi ya hiari. Kwa maneno hayo dhana ya mchakato wa akili unaojiendea, yaani unaotendeka bila kuamriwa, iliingia katika saikolojia ya maabara ikiwa imefungamana na kusoma. Ikumbukwe kwamba kusoma si kipawa cha kuzaliwa. Ni ustadi wa shule.

Miongo iliyofuata ilijaa mabishano. Warner Brown, mwaka 1915, alipinga kwamba mazoezi peke yake yanatosha kueleza tofauti hiyo, kwa kuwa mazoezi yaliharakisha kazi zote mbili. Huko Ujerumani, Erich Jaensch alichapisha mwaka 1929 kazi iliyoligonganisha neno la rangi na rangi yenyewe, miaka 6 kabla ya Stroop. Historia hata hivyo ililibakiza jina la Stroop, na yapo mantiki katika jambo hilo: yeye ndiye aliyeupima mgongano huo kwa namna ambayo wengine waliweza kuirudia.

Majaribio matatu ya 1935

Stroop alitumia rangi tano: nyekundu, buluu, kijani, kahawia na zambarau. Maneno 100 yalipangwa katika safu kumi za maneno kumi, kila rangi ikitokea mara mbili katika kila safu.

Katika jaribio la kwanza watu 70 walisoma maneno hayo kwa sauti, mara yakiwa kwa wino mweusi, mara kwa wino wa rangi isiyolingana na neno. Wino mweusi ulihitaji wastani wa sekunde 41.0, na wino wa rangi sekunde 43.3. Tofauti ni ndogo. Rangi karibu haikumsumbua msomaji. Jaribio la pili liliigeuza kazi. Wanafunzi 100 walitaja rangi za miraba, kisha rangi za wino uliotumika kuandika maneno yasiyolingana nazo. Miraba ilichukua sekunde 63.3, maneno yalichukua sekunde 110.3. Neno ambalo mtu aliambiwa alipuuze lilimwongezea sekunde 47, karibu robo tatu ya muda wa awali.

Vitabu vingi vya kiada huishia hapo, na hapo ndipo msomaji hupotoshwa. Jaribio la tatu lilihusisha watu 32 waliofanya mazoezi ya kutaja rangi za wino kwa siku kadhaa. Kadiri walivyozoea, muda wao ulipungua sana. Zaidi ya hayo, waliporudishwa kwenye kusoma maneno, rangi iliyokuwa haina nguvu katika jaribio la kwanza sasa iliwatatiza, ingawa tatizo hilo lilififia upesi. Kwa siku chache tu za mazoezi, kilichokuwa kikiingiliwa kilianza nacho kuingilia.

Kutokana na hayo Stroop alihitimisha kwamba chanzo ni tofauti ya mafunzo. Neno lililoandikwa limezoezwa kuleta jibu moja, yaani kusomwa. Rangi huleta majibu mengi, kwa kuwa mtu akiona wekundu aweza kulitaja jina lake, kukumbuka damu, kusimama barabarani au kuchagua tunda lililoiva. Maelezo yake hayakutegemea udhaifu wa ubongo wala upungufu wa nidhamu ya akili. Yalitegemea historia ya mtu na maandishi.

Stroop mwenyewe hakuendelea kulima shamba hilo. Alirudi katika kufundisha katika Chuo cha David Lipscomb, Nashville, na moyo wake ulikuwa katika mafundisho ya Biblia, ambayo aliyaandikia vitabu. Alifariki mwaka 1973, wakati jaribio lake likianza tu kupata umaarufu ambao hakuutafuta.

Dhana ya "kujiendea" inavyokazwa na kulegezwa

Miaka ya 1970 iliirudisha dhana ya Cattell kwa nguvu mpya. David LaBerge na S. Jay Samuels, mwaka 1974, walieleza kwamba msomaji hodari ni yule ambaye utambuzi wa maneno haumlii tena umakini, hivyo umakini wake wote hubaki kwa maana. Michael Posner na Charles Snyder mwaka 1975, kisha Richard Shiffrin na Walter Schneider mwaka 1977, walichora mpaka kati ya michakato inayojiendea na ile inayoongozwa kwa hiari. Jaribio la Stroop likawa shahidi mkuu wa mpaka huo: neno husomwa hata mtu asipotaka.

Mpaka huo haukudumu ulivyochorwa. Mwaka 1988 Colin MacLeod na Kevin Dunbar waliwafundisha watu kuyaita maumbo yasiyo na maana kwa majina ya rangi. Mwanzoni rangi halisi ndiyo iliyoingilia kazi ya kulitaja umbo. Baada ya siku 20 za mazoezi mambo yaligeuka, na umbo likaanza kuiingilia kazi ya kutaja rangi. Kujiendea, basi, ni suala la kiwango, na kiwango hupanda kwa mazoezi. Ndilo alilolionyesha Stroop katika jaribio lake la tatu. Mwaka 1997 Derek Besner na wenzake wakaonyesha kwamba kuitia rangi herufi moja tu ya neno kunaupunguza mwingilio. Mchakato usioweza kuzuilika haungetikiswa na badiliko dogo namna hiyo.

Tathmini ya MacLeod ya mwaka 1991, iliyopitia mamia ya tafiti, ilibainisha mkondo wa umri ambao wapangaji wa elimu wanapaswa kuuzingatia. Mwingilio huanza mtoto anapojifunza kusoma, hufikia kilele karibu na darasa la pili na la tatu, hupungua kuelekea utu uzima, kisha huongezeka tena uzeeni. Asiyejua kusoma hana neno la kumtatiza. Atapata alama nzuri kwa sababu isiyo nzuri.

Jaribio linapovaa Kiswahili

Hapa ndipo historia inapogusa maamuzi ya leo. Kulitafsiri jaribio huonekana kazi ya dakika tano: badilisha majina ya rangi, chapisha. Lakini majina matano ya Stroop kwa Kiingereza yana jumla ya silabi 6, hivyo maneno 100 ni silabi 120. Nyekundu, buluu, kijani, kahawia na zambarau yana silabi 17, hivyo orodha hiyo hiyo ni silabi 340. Toleo la Charles Golden la mwaka 1978, linalotumika sana katika kliniki, huhesabu vipengele anavyovimaliza mtu katika sekunde 45 kwa nyekundu, kijani na buluu: silabi 3 kwa Kiingereza, silabi 9 kwa Kiswahili. Mtu mwenye afya kamili akipimwa kwa Kiswahili na kulinganishwa na viwango vya Wamarekani ataonekana mzito. Kosa hilo ni la hesabu, si la ubongo wake.

Sarufi nayo ina lake. Kati ya majina hayo matano, ni -ekundu peke yake iliyo kivumishi halisi chenye kubeba upatanisho wa ngeli: chekundu, jekundu, mwekundu, wekundu. Umbo "nyekundu" ni moja tu kati ya sura nyingi ambazo msomaji amezizoea. Kijani chatokana na jani, kahawia na kahawa, na zambarau ni tunda kabla ya kuwa rangi. George Klein alionyesha mwaka 1964 kwamba maneno yanayohusiana na rangi bila kuwa majina yake huingilia kidogo kuliko majina yenyewe ya rangi. Iwapo zambarau humwingilia msomaji wa Kiswahili kama jina la rangi au kama jina la tunda, hilo ni swali la maabara ambalo wanaisimu na wanasaikolojia wa ukanda huu wanaweza kulijibu kwa gharama ndogo. Tena baadhi ya rangi zina majina mawili au zaidi: buluu na samawati, kahawia na hudhurungi, zambarau na urujuani. Anayesitasita kati ya majina mawili hupoteza muda ambao fomu itauandika kama mwingilio.

Suala zito zaidi ni lugha ya kusomea. Tafiti za watu wenye lugha mbili, tangu zile za Preston na Lambert mwaka 1969, zinaonyesha kwamba neno la lugha moja huingilia hata jibu linapotolewa kwa lugha nyingine, japo kwa kawaida mwingilio huwa mkubwa zaidi ndani ya lugha moja. Mtoto wa Tanzania huanza kusoma kwa Kiswahili shuleni na kuhamia Kiingereza sekondari. Mwenzake wa Burundi huanza kwa Kirundi, kisha Kifaransa, huku Kiswahili akikisikia sokoni kabla ya kukisoma. Wawili hao wakipewa karatasi moja ya Kiswahili, namba zitakazotoka zitapima kwanza miaka waliyoisoma lugha hiyo, na umakini baadaye.

Kwa sababu hiyo, kabla wizara au hospitali yoyote ya ukanda huu haijaidhinisha toleo la Kiswahili, fomu ya jaribio iwe na nafasi ya mambo matatu yanayokosekana katika fomu zilizoletwa kutoka nje: lugha ambayo mtu alijifunzia kusoma, miaka aliyosoma kwa kila lugha, na muda wake wa kusoma orodha kwa wino mweusi katika lugha ile ile atakayopimiwa. Muda huo wa mwisho Stroop aliupima tangu jaribio lake la kwanza.